Nyumba ya Barafu Uliyotusimulia, Baba

Baba,

Naanza kwa kumtaja Mungu, kisha nakutaja wewe, Ombasha Marjani wa Makina. Nimeliandika jina lako kubwa hapa juu kwa makusudi, kwa sababu mwezi huu limetajwa Kibra nzima, kutoka Lindi mpaka Toi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nakuandikia kwa herufi zile za madrasa ulizonifundisha mwenyewe kwa mkaa ukutani, mama akakugombeza kwa kumchafulia ukuta wake. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Kila Ijumaa nilikuwa nikija makaburini, nang'oa magugu, nasoma Fatiha, halafu naondoka mbio. Kuna jambo nililoshindwa kukuambia ulipokuwa hai, na hata mbele ya kaburi ulimi ulikuwa mzito. Leo nitalisema. Lakini acha kwanza nikupe lile tamu, maana nikianza na lile chungu nitalia na karatasi italowana.

Tumeijenga, Baba. Nyumba ya barafu. Ina kuta, ina mlango, ina paa, ina kiti cha kukalia, yote barafu tupu. Hapa hapa Nairobi, na mikono iliyoijenga ni ya wanawake wa Makina wanaokandika nyumba za udongo. Mimi binti yako Zenabu ndiye niliyekuwa msimamizi. Ukitaka kucheka, cheka, nakuruhusu.

Ngoja nikusimulie vizuri.

Wewe ulitusimulia ile ya Kanada mara nyingi hata mama akawa anaimalizia kabla yako. Vita vya Mjerumani vimekwisha, kapteni wako kakuchukua kama mtumishi wake mpaka kwao, baridi ikawakuta huko. Ukasema mto uliganda, watu wakaukata kwa misumeno kama wanaokata mbao, farasi wakavuta mapande, wakajenga kasri zima lenye minara. Watu wakaja kwa treni kutoka miji ya mbali kulitazama tu. Wakaingia ndani na makoti yao wakacheza dansi. Na ukasema ukuta wa barafu ukiwa mnene si mweupe, ni wa bluu, bluu ya chupa ya dawa. Hapo ndipo watu walipokuwa wakikuacha. Mto kuganda waliumeza, kasri wakakuvumilia, lakini barafu ya bluu iliwashinda.

Wazee wenzako uliotoka nao jeshini wakakupa jina, Bwana Barafu. Aliyelianzisha ni Shaushi Abdalla. Yeye shaushi alikuwa na mistari mitatu begani, wewe ombasha miwili, na hata baada ya kuvua sare aliendelea kuvaa ile mistari moyoni. Ukipita barazani kwake alikuwa akiuliza, "Marjani, leo umelala nyumba gani, ya udongo ama ya maji?" Wewe ulikuwa ukicheka nao. Nilifikiri huumii.

Mpaka ile nikahi ya binamu Rehema. Sheikh ameketi, bwana harusi ameketi, wanatafuta shahidi wa pili, mjomba akakuita wewe. Ukasogea, umevaa kanzu yako ile iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Na Shaushi akainua mkono. "Shahidi awe mtu wa kweli," akasema. "Huyu amekaa ndani ya barafu na hakulowana. Mtafuteni mwingine." Watu wakavunjika mbavu, na sheikh akatabasamu. Ukasimama, ukachukua viatu vyako mlangoni, ukaondoka bila kuvivaa. Na tangu siku ile, hata wazee walipotafuta mtu wa kwenda kusema mbele ya Bwana DC kuhusu vibali vyetu vya kukaa Kibra, hawakukuita, ingawa Kiingereza chako kilikuwa kizuri kuliko cha wote. Neno lako lilikuwa limekwisha thamani.

Sasa lile chungu ndilo hili. Mimi nilikuwa upande wa wanawake nimeshika sinia ya kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nilijua nani ananitazama na nani hanitazami. Na Baba, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, ili wasichana wenzangu wasidhani nakuamini. Uligeuka ukaniona. Hukunisema siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na jioni ukanimegea nyama kutoka sahani yako kama kawaida. Afadhali ungenichapa.

Haya, nimelisema. Acha nipumue.

Tangu uondoke mambo yamebadilika kidogo. Chumba chako nimekiezeka upya kwa mabati ya madebe, hakivuji tena. Shangazi Kaltuma, dada yako, meno yamemtoka lakini amri hazijamtoka. Bado ndiye mkuu wa wanawake wa kukandika. Akiukataa ukuta wako unaubomoa. Na mume wangu Sebit amepata kazi kwenye kiwanda cha barafu kule karibu na stesheni. Anarudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, anataka kuvipasha moto mgongoni mwangu. Tumegombana sana kwa hilo.

Jumanne moja mwezi wa saba, baridi ya Nairobi imekaza, jua hatujaliona wiki nzima, Sebit akaingia anacheka peke yake. Hoteli moja kubwa mjini, sitaitaja, ilikuwa imepanga sherehe Jumamosi ya kuwakumbusha Wazungu baridi ya kwao. Meneja alitaka nyumba ya barafu uani, chini ya turubai, wageni waje waitazame na kunywa ndani yake. Wakaagiza mapande kutoka kiwandani kwa akina Sebit. Fundi wao, Mzungu wa kujenga maghala, akayapanga kama matofali, ukuta ukafika kifuani, ukateleza na kumwagika juu ya meza ya bilauri. Sebit alikuwa akinionyesha jinsi meneja alivyoruka.

Nilikuwa nikikoroga uji. Nikasema bila kugeuka, "Yameteleza kwa sababu yametoka jasho."

Sebit akaacha kucheka. Nami nikauacha mwiko, maana maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa yako. Uliniambia nikiwa mdogo, ukifunga viatu vyako: pande la barafu lililotoka jasho halishiki. Lile kavu, lililotoka kwenye baridi sasa hivi, ukilimwagia maji kidogo linayanywa papo hapo na kushikana na jirani yake. Ulikuwa ukisimama kuwatazama wale mafundi kila siku kapteni akiwa kwenye chakula chake, kwa sababu ukikaa chini baridi ingekuua. Ulijua kila kitu, Baba, nasi tulikuwa tukisikiliza hadithi tu.

Asubuhi nikavaa gurbaba yangu nzuri ya harusi, nikajitanda vizuri, nikaenda na Sebit mpaka kwa meneja. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi ofisini. "Nyinyi mama najua kujenga barafu? Nani nafundisha wewe?" Nikamwambia, baba yangu, Ombasha Marjani, alifika Kanada akaona kasri la barafu. Nikangoja acheke. Nilikuwa nimeshajiandaa na jibu lisilofaa kuandikwa hapa.

Hakucheka. Akasema, "Ndiyo. Mimi naona picha yake."

Nikaishika meza yake. Yeye aliona picha tu. Wewe uliona yenyewe, ukaigusa, ukarudi nayo kifuani mpaka Kibra, nasi tukakucheka usoni.

Nikamwambia ujira wa kina mama nitakaowaleta atapatana nao wenyewe. Mimi nataka kitu kimoja. Siku ya sherehe, kabla ya Mzungu yeyote, wazee wetu wa Kibra waingie waitazame, na waingie kwa mlango wa mbele. Akawa mwekundu shingoni. Akasema labda mlango wa jikoni. Nikaifunga gurbaba yangu vizuri kiunoni, nikaaga kwa heshima, nikatoka. Sikufika getini, Baba. Aliniita kwa mkono, halafu kwa mdomo, halafu akaja mwenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuwa unga wa mbao wa kuhifadhia barafu isitoke jasho. Nikaenda Kawangware kwa rafiki yako Mzee Wainaina, mwenye gari la ng'ombe, anayewabebea mizigo watu wa kiwanda cha mbao. Yeye ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kukucheka. Alikuuliza swali moja tu maisha yake yote: ng'ombe wa huko wanalala wapi? Nilipomweleza shida yangu hakuuliza kitu. Alifunga ng'ombe, akajaza magunia, akasema, "Kwa Marjani naleta mpaka useme imetosha."

Alhamisi baada ya sala ya alfajiri tukatoka Makina, wanawake wanane na shangazi Kaltuma mbele na fimbo yake. Tulikwenda kama tunavyokwenda kukandika nyumba ya bibi harusi, na nyimbo zile zile, na birika la kahawa. Wapishi wa hoteli walitoka wote kututazama.

Na tukaharibu. Usicheke sana. Unajua mwanamke wa kwetu hawezi kuuacha ukuta bila kuulainisha kwa kiganja. Ndiyo sifa yetu, ndiyo mtu anavyojua huu ni ukuta wa Kaltuma au wa fulani. Pande likikaa tu, mikono mitano inalipapasa, inalisugua, inaling'arisha. Barafu ikang'aa hasa! Ikalainika, ikaota maji, na tulipoweka safu ya tatu yote ikashuka taratibu kwenye majani kama watu walioambiana. Tulisimama mikono imevimba kwa baridi, viganja vyetu vimechorwa kwenye kila pande. Meneja aliingia ndani akafunga dirisha. Shangazi alikaa juu ya ndoo akasema, "Ukuta usiotaka kuguswa, huo ni ukuta gani?"

Nilikwenda nikasimama nyuma ya turubai, nikalia. Niliona kesho yake: Shaushi anasikia, Kibra nzima inasikia, na sasa si wewe tu, ni Bwana Barafu na binti yake. Nilikuwa nakaribia kukuzika mara ya pili.

Nikajilazimisha kukumbuka, si hadithi, ila mikono. Wale mafundi wa Kanada walikuwa wamevaa nini mikononi? Ulikuwa ukituonyesha, unakunja soksi zako mkononi, unabeba mto wa kitanda juu juu, unauweka, unaondoa mikono haraka, unarudi nyuma hatua moja. Tulikuwa tukicheka hatua ile. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Weka, mwagia, ondoka.

Ijumaa tukarudi. Kila mwanamke amefungwa magunia mikononi mpaka kwenye kiwiko. Pande linatoka kwenye unga wa mbao kavu kabisa, Sebit analipiga msumeno, wawili wanaliweka, wa tatu anamwaga maji ya baridi kwa kikombe, na shangazi anapiga kelele, "Mikono juu!" Ole wake atakayelipapasa. Mara mbili nilimwona yeye mwenyewe mkono unamwendea ukutani, akaupiga kwa fimbo yake.

Safu zikapanda zikashikana. Nilisukuma ukuta kwa bega, haukutikisika. Paa tulilijenga juu ya tao la mbao alilotengeneza Sebit, kila pande limechongwa liegemee mwenzake. Ilipofika saa ya kuondoa zile mbao, shangazi aliingia ndani akakaa katikati, akakataa kutoka. "Nimezeeka," akasema. "Likianguka mtanizika nikiwa bado baridi, sitanuka." Sebit akagonga kabari ya mwisho. Mbao zikashuka. Paa likatoa sauti moja, tak, kisha likatulia. Shangazi akabaki pale anatazama juu, mdomo wazi, hana jino hata moja, na machozi yanamtiririka. "Kaka yangu," alisema, hivyo tu.

Tukaifunika kwa magunia na unga wa mbao mpaka kesho yake.

Wazee walikuja Jumamosi asubuhi kwa gari la Mzee Wainaina, wamevaa kanzu na tarbushi, nishani zimepangwa kifuani. Shaushi Abdalla alikuwa amekataa kuja mpaka dakika ya mwisho. Alikuja kwa sababu aliambiwa ni mlango wa mbele, na hakutaka kuukosa. Walipita mlangoni polepole kuliko ilivyohitajika. Wakavuka ukumbi, wakatoka uani. Tukavuta magunia.

Baba, ilikuwa ya bluu.

Sikutegemea. Hata mimi niliyeijenga nilikuwa nimeifunika tangu jana nikidhani ile bluu ulipiga chuku kidogo, kama baba yeyote. Lakini mawingu yalikuwa yamefunguka, mwanga ukapita kwenye kuta zile nene, na ndani mle mkajaa bluu ya chupa ya dawa, kama ulivyosema, neno kwa neno. Nilitaka kupiga kelele na nikapiga. Kina mama wote wakapiga vigelegele, mpaka wapishi wakaacha masufuria yao.

Shaushi akaingia wa kwanza kwa cheo chake. Akaugonga ukuta kwa fimbo. Akasema ni kioo. Akaukwaruza kwa ukucha, akatia ukucha mdomoni. "Wallahi ni barafu." Akakaa kwenye kile kiti, akainuka upesi, maana kiti kile hakiheshimu mtu. Akatazama paa. Akatazama mikono yake ikiwa ya bluu. Wazee wengine wamejazana mlangoni.

Kisha akaniuliza makaburi ulikozikwa yako upande gani, kana kwamba hajui, wakati alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Nikamwonyesha upande wa Kibra. Akageuka huko. Akanyoosha kanzu, akagonga visigino pamoja, akapiga saluti. Shaushi akampigia ombasha saluti, Baba, na akaishikilia, mkono pembeni mwa tarbushi. Alipoushusha akasema mbele ya wote, "Marjani alikuwa shahidi wa kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Nilitembea uani siku ile kama mtu mwenye urefu mara mbili. Wazungu walikuja mchana, wakanywa, wakapiga picha, na gazeti likaandika kwamba meneja ndiye aliyeijenga. Hilo halinikeri. Haya, linanikera kidogo. Jumapili ikaanza kudondoka, Jumanne ikawa maji mferejini. Wacha iende. Waliopaswa kuiona waliiona.

Ilibaki moja, nayo imetokea juzi.

Shaushi sasa ndiye msimuliaji. Hana habari nyingine. Anakaa barazani anasimulia nyumba ya barafu kwa kila anayepita, na kila siku inaongezeka chumba. Watu wa Kibra wanamwamini, lakini juzi walikuja wageni kutoka Kibigori, jamaa zake waliohamia huko zamani, na wajukuu wao. Alipofika kwenye ile bluu wakaanza kutazamana. Mmoja akasema babu amezeeka, anaota mchana. Wakacheka, kile kicheko ninachokijua.

Alikuja mlangoni kwangu anahema, fimbo mkononi, tarbushi imeenda upande. "Zenabu, njoo useme. Njoo uwaambie, hawaniamini." Nilimwacha asimame kidogo pale mlangoni. Nisamehe, Baba, kidogo tu, kwa kadiri ya kuosha mikono. Nilimtazama yule mzee, macho yamemjaa maji, neno lake limeangushwa mbele ya watu wake, na nikaona jinsi uso wako ulivyokuwa siku ile ulipokwisha kutoka mlangoni, na viatu mkononi. Nilikuwa sijawahi kukuona kutoka upande huo.

Nikajitanda, nikaenda naye. Nikasimama mbele ya wageni wote nikasema: ni kweli, ilikuwa ya barafu, ilikuwa ya bluu, nilikuwapo. Na kabla yangu, baba yangu Ombasha Marjani aliiona kubwa kuliko hii, na baba yangu hakuwa mtu wa uongo.

Hakuna aliyecheka. Na hata wangecheka, ningesema tena.

Hilo ndilo nililopaswa kulisema nikiwa na ile sinia mkononi. Nakuahidi, Baba, kila atakayesimama Kibra hii na neno la kweli lisiloaminika, awe rafiki yetu au awe Shaushi, nitasimama upande wake nikiwa na uhakika, na watoto wangu nitawafundisha hivyo hivyo. Lala salama, Mungu akunyooshee njia na akupe nyumba bora kuliko zote ulizoziona. Ijumaa nitakuja, na safari hii nitakaa.

Ni mimi binti yako anayekuamini,
Zenabu binti Marjani